Wanaopanga Majina Ndani ya Simu

Mtandao wa Kalemie huondoka bila kuaga. Unaweza kuwa sokoni, unaweza kuwa kwenye barabara ya kaskazini kuelekea Bendera, na vile vijistari vya juu ya simu vinapotea kimoja kimoja. Hapo ndipo programu hujulikana tabia. Moja inakuonyesha duara linalozunguka, linazunguka weee, kisha inakuandikia ujumbe wa Kiingereza. Nyingine inafunguka vilevile: watoto wa kijiji kizima wapo kwa majina na kwa tarehe za chanjo zao, na muuguzi anaendelea na kazi kana kwamba mnara wa simu uko nyuma ya nyumba. Tofauti ya hizo mbili hutaiona kwenye kioo. Iko chini, pale ambapo mtu alikaa akaamua kila kitu kinachoshuka kutoka seva kitahifadhiwa wapi ndani ya simu, na kwa umbo gani.

Nimebahatika kumtazama fundi mmoja wa mji wetu akiifanya kazi hiyo. Haanzi na kompyuta. Anachukua daftari la shule, anapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto anaandika kile ambacho seva inatuma, sehemu kwa sehemu. Kulia anaandika kitakachobaki kwenye simu. Halafu anachora mishale kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na hakuna mshale anaouchora kabla ya kujiuliza: sehemu hii ikija tupu itakuwaje? Ikija mara mbili? Ikija leo kama namba, kesho kama maandishi? Nilimwuliza kwa nini asiiachie mashine kazi hiyo, maana siku hizi zipo zana zinazounganisha pande mbili zenyewe. Hakuinua kichwa. “Mashine itaunganisha jina na jina, papa. Halafu postnomu utaitafuta wapi?”

Msomaji wa Kongo hahitaji kuelezwa zaidi. Sisi mtu ana jina, ana postnomu, ana prenomu. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, watu wakachukua ya mababu. Baadaye prenomu zilirudi lakini postnomu haikuondoka, na leo imo kwenye kadi ya mpiga kura na kwenye diploma. Sasa jedwali lililochorwa mbali na hapa huja na safu mbili tu, jina la kwanza na la ukoo. Seva inatuma matatu, simu imetayarishiwa mawili. Kwa fundi mzembe la tatu linaanguka, na hakuna anayesikia likianguka, kwa sababu programu haitoi kosa lolote. Mwingine anayabandika mawili yakawa moja, na siku ya kuyarudisha seva hakuna tena awezaye kusema moja liliishia wapi na la pili lilianzia wapi.

Fikiria mapacha. Kwa Waluba wa upande wetu mapacha huitwa Kyungu na Kabange. Wamezaliwa siku moja, mama mmoja, kijiji kimoja, na wameandikwa jina lilelile la baba. Ubatizo bado, kwa hiyo safu ya prenomu iko tupu kwa wote wawili. Kinachowatenganisha ndani ya simu ni neno moja, nalo liko kwenye safu ile ambayo mchoraji wa mbali hakuijua. Idondoshe safu hiyo, na Kyungu na Kabange wanakuwa mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili. Programu yenye bidii, ikikuta marudio, itafuta moja. Wiki ya 6 mama atafika na watoto wawili mgongoni na kifuani kwa ajili ya sindano, na simu itamwonyesha muuguzi mmoja.

Yako mengine madogo, na fundi huyapa heshima ileile. Namba ya simu huanza na sifuri. Ukiihifadhi kama namba ya hesabu, sifuri inatoweka, kwa hiyo lazima ikae kama maandishi. Uzito usiopimwa si uzito wa sifuri. Seva ikituma sehemu tupu, na safu ya upande wa simu haikubali utupu, ni rahisi mno kuandika 0 na kuendelea. Lakini tangu hapo mtoto ambaye mizani ilikuwa imeharibika siku yake anahesabiwa pamoja na waliopimwa. Na saa! Seva nyingi huweka saa ya dunia. Kinshasa iko saa moja mbele yake, Kalemie mbili, na Kigoma, ng'ambo ya maji, tatu. Mtoto anayezaliwa hapa saa sita na nusu usiku, kwa seva kule bado ni jana. Programu inayokata tarehe bila kuuliza ni ya wapi inamwongezea mtoto siku ambayo hakuiishi.

Mji huu unapaswa kuielewa kazi hii kuliko miji mingi. Reli ya kutoka Kabalo ilikamilika 1915, mji ungali Albertville, mwaka mmoja baada ya reli ya Dar es Salaam kufika Kigoma. Tangu hapo tumeishi kwa kupokea mzigo wa meli na kuupanga kwenye behewa, na karani wa bandari alipaswa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kwenye karatasi ya meli kimeingia kwenye karatasi ya reli, gunia kwa gunia, lililopasuka likiandikwa limepasuka. Hata SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya karibu kila simu, ina asili ya majini. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 akifanya kazi kwa ajili ya manowari ya Marekani. Programu yao ilitegemea hifadhidata ya kwenye seva, na seva ikilala mabaharia walibaki na ujumbe kwamba haipatikani. Akaamua data ikae palepale inapotumika.

Katika mifano mikubwa iliyo karibu nasi, ninaoupenda ni DHIS2, ambao Kongo hukusanyia takwimu zake za afya. Ulitokana na kazi iliyoanza Afrika Kusini 1994 na ukalelewa na Chuo Kikuu cha Oslo. Programu yake ya Android huweka nakala ndani ya SQLite, na inampa mtoto kitambulisho cha herufi na tarakimu 11 hapohapo kwenye simu, bila kuomba ruhusa ya seva. Kila rekodi hubeba hali yake: inasubiri kutumwa, imesahihishwa, imepokelewa, imekataliwa. Ninaupenda hasa uamuzi wa kuitunza iliyokataliwa pamoja na sababu yake. Mtu aliyefikiria hivyo alijua kwamba kosa la kuandika linaweza kusahihishwa na aliyeandika, mradi tu aonyeshwe.

Ninachokiona kikienea ni kinyume chake. Jibu lote la seva linasukumwa ndani ya safu moja kama lilivyokuja, “tutalipanga baadaye.” Vijana wanaokuja kwa fundi wetu wanataka kufundishwa rangi na vitufe, daftari lenye mishale wanalitazama kwa huruma. Na ipo Room, maktaba ambayo Google iliileta 2017 ili kurahisisha kazi ya SQLite kwenye Android. Ni chombo kizuri. Lakini inakubali mstari mmoja mfupi wa msimbo unaosema: muundo wa majedwali ukibadilika na njia ya kuhama haijaandikwa, bomoa yote, anza upya. Maelezo yake yanaonya waziwazi kwamba data itapotea. Fundi wetu huandika kila uhamisho kwa mkono, toleo kwa toleo, akijua kuna simu porini ambayo haijasasishwa tangu mvua zilizopita. Wengine huweka ule mstari, kwa sababu ofisini kwao kila kitu kitapakuliwa tena kabla kahawa haijapoa.

Hapa mega hununuliwa. Na rekodi ambayo haijatumwa haina pa kupakuliwa, kwa maana ilikuwa kwenye simu ile tu. Muuguzi wa upande wa Nyunzu anakuja mjini, simu inapata mtandao usiku, programu inajisasisha yenyewe. Asubuhi anaifungua: ni mpya, inapendeza, na kazi aliyoifanya vijijini haimo. Hakuna kosa lililoandikwa popote, kwa hiyo hakuna atakayeitwa kujieleza, na atakayeulizwa ziko wapi takwimu ni yeye.