Mdukuzi, Mrekebishaji au Mpachikaji?

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazongoja kusanifishwa, limo jina la mtu achukuaye mchezo wa kompyuta uliokwisha kuuzwa, akauongezea ramani, wahusika au kanuni alizobuni mwenyewe, kisha akawagawia wachezaji wenzake. Neno limjialo mfasiri upesi ni mdukuzi. Sisi hatuliafiki. Kudukua ni kupeleleza mambo ya watu kwa siri, na siku hizi neno hilo limeshikamana na wizi wa taarifa. Mfasiri alitumiapo katika mkataba huwa amekwisha kutoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa.

Na mashauri yapo. Mchezo wa Warcraft III wa kampuni ya Blizzard ya Marekani ulitoka mwaka 2002 pamoja na zana za kutengenezea ramani. Kwa zana hizo wachezaji walibuni DotA, mchezo ndani ya mchezo, uliopendwa mno hata kampuni nyingine, Valve, ikatoa Dota 2 mwaka 2013. Blizzard ilipotoa toleo jipya la Warcraft III mwezi Januari 2020, masharti yake yalitamka kwamba michezo itakayobuniwa na wachezaji kwa njia hiyo ni mali ya kampuni peke yake. Manung'uniko yalikuwa makubwa. Hapa hakuna aliyedukua kitu: mwenye shamba ndiye aliyegawa majembe, na ugomvi ni wa mavuno.

Mrekebishaji nalo lina walakini. Kurekebisha ni kuweka sawa kilichokosewa, hali wanaouongezea mchezo wa Skyrim mavazi na miji hawafanyi hivyo kwa sababu ya kasoro zake (ingawa kasoro zenyewe si haba). Neno hili lamfanya mbunifu kuwa fundi wa matengenezo. Mwezi Aprili 2015 Valve na Bethesda, wenye Skyrim, waliruhusu kazi hizo ziuzwe. Katika kila dola 100 mbunifu alipata 25, Valve 30 na Bethesda 45. Wachezaji wengine walipinga mgao, wengine walipinga kuuza kwenyewe, na tarehe 27 mwezi huo huo mpango ukafutwa.

Twapendekeza kipachiko na mpachikaji. Kupachika hakusemi kama kilichopachikwa ni chema au kiovu, wala ni cha nani. Kwasema tu kwamba kinahitaji kitu cha kukishikilia, na ndivyo ilivyo, kwani bila mchezo wa kampuni kipachiko hakichezeki. Kupandikiza tulikufikiria pia, lakini pandikizi ni jitu, tena ni mtu aliyeingizwa kwa hila.

Wafasiri wa leseni tunawaomba wasitumie neno mchezo kwa vyote viwili. Sentensi isemayo "mchezo ni mali ya kampuni" humeza kipachiko pasipo mwenye kutia sahihi kutambua.