Jicho la Mpakiaji

Kontena la kuchangia linalotoka Guangzhou kwenda Dar es Salaam hubeba mali za watu wasiojuana. Mwenye duka la mikoba Mtaa wa Kongo, muuza taa wa Msimbazi, fundi aliyeagiza vigae vya nyumba ya mteja wake: wote wamo humo, kila mmoja akilipia mita zake za ujazo, zile CBM ambazo Kariakoo zinatajwa kama kilo za sukari. Wanamjua wakala aliyepokea pesa, na meli wanaifuatilia kwenye simu. Mpakiaji wa ghalani, ambaye mikono yake ndiyo inayoamua mzigo ufike mzima au ufike umebondeka, hawamjui. Mimi namvulia kofia mtu huyu.

Tuanze na vipimo, maana yeye anaanzia hapo. Ndani ya kontena la kawaida la futi 40 kuna urefu wa takriban mita 12.03, upana wa 2.35 na kimo cha 2.39. Mlango ni mfupi kuliko dari kwa sentimita kama 10, kwa hiyo kinachoenea ndani si lazima kipite mlangoni. Sasa chukua boksi la mikoba lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 50 na kimo cha 40, lenye mishale ubavuni inayokataza kulilaza. Mpakiaji mgeni atapanga matatu kwa urefu kutoka ukuta hadi ukuta. Yanachukua sentimita 180, zinabaki 55, na boksi la nne halienei. Akiendelea hivyo mpaka mlangoni atakuwa ameacha zaidi ya CBM 15 za hewa, karibu robo ya kontena, na hewa hiyo lazima mtu ailipie nauli.

Aliyebobea halihangaikii hilo. Anazungusha boksi la nne, upande wa 50 unaingia, zinabaki sentimita tano tu. Lakini boksi lililozungushwa linatokeza mbele kuliko wenzake kwa sentimita 10, na safu zinazofuata zinazidi kupishana. Ukimtazama bila kujua hesabu yake utadhani anaharibu. Subiri afike mita ya tatu: mistari sita ya maboksi ya kawaida na mitano ya yale yaliyogeuzwa inakutana sawasawa, uso wa mzigo unakuwa bapa tena, na hapo ndipo anapopenda kumaliza mali ya mtu mmoja na kuanza ya mwingine. Kwenda juu, maboksi matano yanafika mita mbili, na la sita linakosa nafasi kwa sentimita moja. Sentimita 39 zinazobaki chini ya dari hazitupi. Anazijaza mito, marobota ya vitambaa, chochote chepesi kinachokubali kubonyea.

Ujazo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni uzito. Kontena la futi 20 likijazwa vigae vya mji wa Foshan peke yake hufikia mwisho wa uzito wake huku sehemu kubwa ya nafasi ikiwa tupu. Likijazwa magodoro, hujaa likiwa jepesi. Mpakiaji mzuri huyaoza mawili haya: vigae sakafuni, vimetandazwa ili uzito usilemee kichwa wala mkia, vyepesi juu. Tangu tarehe 1 Julai 2016 kanuni za usalama wa bahari zinadai uzito wa kila kontena lililopakiwa uthibitishwe kabla ya kupanda melini, lakini mizani ya bandarini inasoma jumla tu. Kama tani zote zimekaa upande mmoja, mizani haitasema. Ataligundua dereva kwenye kona.

Manahodha wa majahazi, waliopakia boriti za Rufiji na Lamu kwenda Ghuba na kurudi na tende, walilijua somo hili kwa miili yao. Farumi, uzito unaotuliza jahazi, ikikaa vibaya ngamani, chombo kinaegama, na bahari haimsubiri mtu kupanga upya. Nao makuli wa bandarini walikuwa na ujuzi huo huo, kila mtu akiwaona wakifanya kazi. Kisha tarehe 26 Aprili 1956 meli ya Mmarekani Malcom McLean, Ideal X, iliondoka Newark kwenda Houston na masanduku 58 ya alumini. Tunaambiwa tangu hapo kupakia kumekuwa kazi ya winchi. Si kweli. Ujuzi ulihamia ghalani, ukafungiwa nyuma ya milango miwili ya chuma, na kwa kuwa hauonekani watu wakadhani umekwisha.

Unyevu nao mpakiaji ana dawa yake. Hewa ya Guangzhou ni nzito, na kontena likipoa usiku baharini, dari hutoa jasho na kudondosha. Ndiyo maana utamwona akining'iniza vifuko vya kunyonya maji na kufunika safu ya juu kwa karatasi nene. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na robota moja la kitambaa lililoota ukungu.

Mzigo ukienda kwa ndege, hesabu inageuka. Boksi letu lile lina ujazo wa sentimita 120,000 za ujazo. Kanuni ya kawaida ya ndege inagawanya kwa 6,000, unapata kilo 20. Kama mikoba ina kilo nane, utalipia 20. Kama ndani ni vipuri vya kilo 30, utalipia 30. Hapa mpakiaji stadi anatoa hewa kwenye mifuko, anapunguza boksi, anamwokolea mteja pesa kabla hajaombwa. Na betri za lithiamu anazitenga bila kusita, kwa kuwa tangu Aprili 2016 zile za ioni za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria. Wakala anayemshauri mteja azifiche kwenye nguo hastahili kuitwa wakala.

Siku hizi ghala hutuma picha: kontena tupu, kontena nusu, kontena limejaa, kisha milango imefungwa, namba na sili vinasomeka. Waagizaji wengi huikimbilia ile ya mwisho wakapumua. Ningewaomba waikuze ile ya nusu. Humo utaona kama vizito viko chini, kama alama za wenye mali zimetazama nje ili mshushaji wa Dar azisome, na kama kwenye ukuta kuna pengo la sentimita 55 ambalo mtu hakujisumbua kuligeuzia boksi.