Kukopa si kuazima: Somo la mbuzi wa Bulla Pesa

MAJUZI niliitwa Bulla Pesa, mjini Isiolo, kusoma karatasi. Wazee wa mtaa walikuwa wakisuluhisha kesi ya mbuzi, wakataka mwalimu wa Kiswahili awaeleze maandishi yanasema nini. Karatasi yenyewe ilikuwa na sentensi moja tu: "Nimemkopesha mama huyu mbuzi wanne wa maziwa mpaka hali iwe nzuri."

Iliandikwa wakati wa ukame ulioanza 2020, mvua ilipokosekana msimu baada ya msimu. Sasa hali imekuwa nzuri. Mbuzi mmoja alikufa kwa ugonjwa, na watatu waliobaki wamezaa watano. Mwenye mbuzi anawataka wote wanane, na juu yake alipwe yule aliyekufa.

"Mwalimu, si imeandikwa nimemkopesha? Mkopo hulipwa," akaniambia.

Mama naye akajibu: "Mimi nilipewa nikamue tu, watoto wapate maziwa. Hayo mengine sijui."

Nilianza kwa kujilaumu. Ni sisi walimu tunaoandika 'kopa' na 'azima' ubaoni kama visawe, mwanafunzi akapata alama yake, tukafunga kitabu. Lakini maneno kukaribiana kimaana si kulingana.

Anayekopa hupewa kitu akitumie kiishe, kisha hurudisha kingine cha thamani ile ile. Ukikopa shilingi elfu moja, hakuna anayengojea noti ile ile. Ukikopa kibaba cha unga, unasonga ugali, halafu unarudisha unga mwingine. Anayeazima hurudisha kitu chenyewe: jembe lile lile, baiskeli ile ile. Kipimo ni swali moja: kinachorudi ni kile kile, au mfano wake?

Najua mitaani hatusemi hivyo. Utasikia "niazime thao moja" na "nikopeshe simu nipige mara moja," na hakuna anayepotea. Hii ni kwa sababu nomino inakifidia kitenzi: kila mtu anajua pesa hutumika zikaisha na simu hurudi. Mbuzi hana msaada huo. Anaweza kurudi mwenyewe, na anaweza kurudishwa mwingine mahali pake. Hapo mzigo wote wa maana unabebwa na kitenzi.

Lugha nyingine hazina bahati yetu. Mhispania hutumia 'prestar' akitoa pesa na akitoa kitabu. Ndiyo maana sheria yao ya kiraia ya 1889, kifungu cha 1740, ililazimika kutenga nomino mbili: 'comodato' kwa kitu kinachorudi chenyewe, na 'simple préstamo' kwa pesa na vitu vinavyotumika vikaisha. Sisi tofauti hiyo tunayo ndani ya vitenzi vya kila siku, nasi tunaitupa.

Wala haikuwa ngeni kwa wazee wale. Waborana wana desturi iitwayo dabare: mwenye mifugo humpa mwenye shida mnyama wa kukama. Maziwa ni ya anayekama, lakini mnyama na uzao wake hubaki mali ya mwenyewe. Kwa Kiswahili huko ni kuazima.

Nikawaambia wazee wafuate kitenzi kimoja. Kama ni kukopa, mbuzi walikuwa wa mama tangu siku ile: atarudisha wanne, aliyekufa ni hasara yake, na wanaozidi ni wake. Kama ni kuazima, wanane wote ni wa mwenyewe, lakini hata aliyekufa alikuwa wake, maadamu mama hakumpuuza. Mlalamishi alitaka faida ya kitenzi kimoja na usalama wa kingine.

Mzee mmoja aliuliza kama alama za masikio zilibadilishwa. Hazikubadilishwa. Basi wakaamua kwamba ilikuwa kuazima, chochote kilichoandikwa. Mama aliwarudisha wanane bila kulipa kitu. Mwenye mbuzi, kwa hiari yake, akamwachia mmoja wa kukama.

Hata hivyo, 'azima' nacho kina kasoro yake. 'Kopa' na 'kopesha' huonyesha wazi nani anapokea na nani anatoa. Lakini "nimeazima mbuzi" yaweza kumaanisha nimetoa au nimepokea. Kwa hivyo katika maandishi tusiishie kwenye kitenzi. Tuandike: "Nimempa fulani mbuzi wanne kwa kuazima, atarudisha hao hao pamoja na uzao wao, akifa mmoja kwa ugonjwa, hadaiwi."

Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, lakini ingewaepushia majirani wale siku nzima ya kurushiana maneno. Nami darasani nimeifuta ile orodha ya visawe. Mahali pake naleta jembe na kibaba cha unga, nawauliza wanafunzi kipi kitarudi.