Ngeli Zinapoanzia kwa Sheng: Uchambuzi wa Somo Moja la Umoja

Mtoto wa mtaa wa Umoja, Nairobi, haji darasani kujifunza lugha ngeni. Anakuja na Kiswahili chake, kimechanganyika na Sheng, na kina sarufi yake. Ndiyo maana somo la ngeli humtoa jasho mwalimu mwanagenzi aliyeletwa Eastlands kwa mazoezi ya ufundishaji. Nilipata nafasi ya kumtazama mmoja wao akifundisha upatanisho wa kisarufi katika Gredi ya 8, na namna alivyolipanga somo lake inastahili kuchambuliwa.

Kwanza tuielewe hali yenyewe. Umoja ilianza kujengwa miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Marekani, na nyumba nyingi za chini za wakati ule zimegeuzwa kuwa maghorofa ya kupangisha. Katika ploti moja utawakuta Wakamba, Wajaluo, Wakikuyu na Waluhya. Watoto wao hukutana kwenye ngazi na kando ya Moi Drive, na lugha inayowakutanisha ni Sheng. Katika usemi wao, viumbe hai hubaki katika A-WA, lakini karibu kila kitu kingine huingizwa katika I-ZI: kiti imevunjika, viti zimevunjika, macho zinauma. Hiyo ni kanuni, tena wanaifuata kwa uthabiti.

Mwalimu mwingine angeanza kwa kuandika jedwali la ngeli ubaoni na kuwaamuru wanafunzi walikariri. Mwanagenzi huyu alianza kwa sentensi mbili walizomtolea wao wenyewe: “Msee amefika” na “Mathree imejaa,” yaani jamaa amefika na matatu imejaa. Akawataka waziweke katika wingi. Wote wakajibu bila kusita: wasee wamefika, mathree zimejaa. Akauliza kama mtu anaweza kusema “wasee zimefika”. Darasa zima likakataa. Kwa maswali hayo machache alikuwa amethibitisha mambo mawili: kwamba wanafunzi wanaujua upatanisho, na kwamba A-WA na I-ZI za Sheng zinakubaliana na za Kiswahili sanifu. Msingi ulikuwepo kabla yeye hajaugusa.

Hatua ya pili ilikuwa kuonyesha njia zinapoachana. Aligawa ubao safu mbili, ya mtaani na ya mtihani, akaandika “kiti imevunjika” mkabala na “kiti kimevunjika”. Wakiwa wawili wawili, wanafunzi walitafuta tofauti na kuieleza kwa maneno yao. Waligundua kwamba katika safu ya pili silabi ya mwanzo ya nomino hujirudia kwenye kitenzi: kiti ki-, viti vi-. Baada ya ugunduzi huo ndipo alipowatajia jina la ngeli.

Uteuzi wa KI-VI haukuwa wa kubahatisha. Katika ngeli hii, kwa maneno mengi, kiambishi huonekana kwenye nomino yenyewe. LI-YA ni ngumu zaidi, kwa kuwa “gari” na “dirisha” hazina alama yoyote ya wazi katika umoja inayomwelekeza mwanafunzi kwenye “li-”. Ngeli hiyo aliitengea kipindi chake, na humo aliingia kupitia wingi, magari yameharibika, ambako “ma-” inaonekana. Vipindi vya dakika 40 havitoshi kwa mwalimu anayetaka kumaliza ngeli zote kwa mkupuo mmoja.

Nadharia inamuunga mkono. Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder alitofautisha kuteleza kwa ulimi na kosa lenye mpangilio, akasema kwamba la pili humwonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi. “Viti zimevunjika” ni kosa la aina hiyo. Ukimwadhibu mtoto kwa ajili yake, unaupoteza ushahidi uliouhitaji ili kumfundisha. Shule zetu zina historia ndefu ya kumvisha mtoto kidude shingoni kwa sababu ya kusema lugha ya kwao, na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong’o aliandika juu ya jeraha hilo mwaka 1986. Sheng isirithishwe adhabu hiyo.

Njia hii ina mipaka yake. Upatanisho uliogunduliwa ubaoni haudumu katika insha bila mazoezi ya kuandika, na kwa hiyo mwanagenzi alimalizia kwa aya fupi ambayo kila mwanafunzi aliiandika, kisha jirani yake akaisahihisha. Pia njia hii inamtaka mwalimu aisikie Sheng ya mtaa huo, si kuisoma kitabuni.

Hapo ndipo vyuo vinapoweza kusaidia. Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, na miaka yote hiyo wanagenzi wameandaliwa kuandika azimio la kazi kutoka kwenye silabasi. Wafunzwe pia kutumia siku zao za kwanza shuleni kukusanya sentensi za wanafunzi na kuzipanga kwa ngeli, kisha waliandike azimio hilo wakiwa na orodha hiyo mkononi. Mwanagenzi akijua ni ngeli zipi darasa lake linazo tayari, atatumia muhula wake kufundisha zile ambazo halina.