Nyasi Bandia na Maneno Yaliyo Chini Yake

Miongoni mwa kazi ambazo mtafsiri huletewa siku hizi ni maelekezo ya kutengeneza kiwanja kidogo cha michezo nyuma ya nyumba, kilichotandikwa nyasi za plastiki. Ubishi unaosikika juu ya istilahi za kazi hii wahusu zaidi jina la nyasi zenyewe. Kwa maoni yetu, ubishi huo umeelekezwa mahali pasipo na hatari, na mahali penye hatari pameachwa bila mlinzi.

Wanaopinga nyasi bandia husema kwamba neno bandia limekwisha kuchafuka kwa sababu ya fedha bandia na dawa bandia. Hivyo afisa anayeandika katika zabuni kwamba shule inunue nyasi bandia ataonekana kuagiza mali ya udanganyifu. Badala yake wapendekeza nyasi sintetiki, au zulia la michezo. Hoja hiyo haina nguvu. Mwenye meno ya bandia hamdanganyi mtu, wala aliyepoteza mguu akavaa wa bandia hashitakiwi. Na mtoto wa bandia anayebebwa na wasichana wadogo hakuna aliyepata kumwita ghushi. Bandia ni kitu kilichotengenezwa kwa mfano wa kingine. Ubaya wake hutokana na neno linalofuatana nalo. Zaidi ya hayo, wapenzi wa kandanda waliokwisha kuziona nyasi hizo katika viwanja vya Nyamagana, Mwanza, na Kaitaba, Bukoba, wanalitumia jina hilo bila kumwuliza mtu. Hata huko zilikotoka zilibadilishwa jina upesi: mwaka 1966, zilipotandikwa katika uwanja uliofunikwa paa wa Astrodome, mjini Houston, baada ya nyasi za kawaida kufa kwa kukosa jua, zilipewa jina la kibiashara la AstroTurf kwa heshima ya uwanja huo. Nyasi bandia na libaki.

Tuje sasa kwenye udongo. Chukua agizo la namna hii: “Sawazisha eneo, kisha jenga msingi wa sentimita 10.” Kisarufi halina kosa. Lakini mpe fundi wa nyumba. Kwake, kusawazisha ni kuweka pimamaji mpaka pasiwe na upande ulioinama. Na msingi ni mtaro, mawe na zege. Atafanya yote mawili kwa uaminifu, na mvua ya kwanza ya masika itakigeuza kiwanja kuwa bwawa, kwa maana maji yanayopita katika matundu ya nyasi hayatakuwa na pa kwenda. Lililokusudiwa ni kinyume chake: ardhi ichongwe iwe na mteremko mdogo, kama sentimita 1 kwa kila mita 1, kisha zimwagwe kokoto na kushindiliwa, na juu yake vumbi la kokoto lishindiliwe tena. Zege laweza kutumika, lakini nalo lahitaji mteremko huohuo. Basi mtafsiri aandike tabaka la kokoto, si msingi. Aandike kushindilia, kama wasemavyo wajenzi wa barabara, si kubana. Na neno sawazisha alitumie pale tu anapotaka usawa. Mwenye nyumba aliyekwisha kulipia nyasi hizo hatamlaumu mtafsiri, kwa kuwa hamjui. Atamlaumu fundi.

Kuhusu kutandika, lugha yetu ni tajiri kuliko watafsiri wanavyodhani, ila utajiri wenyewe umo katika maduka ya nguo na mazulia. Nyasi hizi huja zimevingirishwa, kwa kawaida kwa upana wa mita 4 hivi. Kwa nini tuite mviringo, ilhali tunalo jora? Vijani vyake ni manyoya, kama ya zulia, na majora yote hayana budi kulazwa manyoya yakielekea upande mmoja, ama sivyo kiwanja kitaonekana kama nguo iliyotiwa kiraka. Yanapokutana ni mshono, ingawa hushikwa kwa utepe na gundi, si kwa uzi.

Neno vijazio ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Msomaji akiambiwa ajaze, hujaza mpaka kuficha, hali mchanga huu hupenyezwa katikati ya manyoya ili yasimame, na ncha zake zibaki wazi. Tena neno hilo lafunika vitu viwili visivyolingana, yaani mchanga na chembe za mpira, mara nyingi za matairi yaliyosagwa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayozuia uuzaji wa chembe hizo za viwanjani baada ya muda wa mpito wa miaka 8, kwa sababu husambaa na kuingia katika udongo na maji. Mzazi anayesoma “vijazio” hawezi kujua ni kipi anachomwagiwa uani kwake. Kila kimoja kitajwe kwa jina lake.

Neno kiwanja nalo lataka hadhari, maana katika ofisi ya ardhi kiwanja ni kipande cha ardhi cha nyumba nzima, na “kiwanja ndani ya kiwanja” kitamchekesha karani. Kiwanja cha kuchezea chatosha. Uani ni neno zuri, ijapokuwa wapo waungwana ambao kwao kwenda uani ni kwenda msalani.

Limebaki jambo la maji. Maelekezo mengi hutaka nyasi hizi zitiwe maji wakati wa jua kali, na mtafsiri huandika mwagilia. Msomaji hucheka, kwani nani humwagilia plastiki? Hulipita agizo hilo akiliona ni kosa la chapa. Lakini nyasi hizo juani huweza kupita nyuzi 60 za sentigredi, na watoto huchezea peku. Iandikwe: zipozwe kwa maji kabla ya watoto kuingia.