Mawingu ya Kupikwa

Mawingu yote yaliyoelea kwenye Flight Simulator 2004 ya Microsoft, kuanzia vipande vya pamba vya asubuhi hadi mlima mweusi wa radi, yalitokana na picha 16 tu. Picha zenyewe zilikuwa ndogo, zenye ukunguukungu, na mtu angezitazama mojamoja asingedhani zina kazi yoyote. Maajabu yote yalikuwa kwenye kuzipanga.

Niniane Wang, mhandisi aliyeshiriki kuujenga mfumo huo, aliueleza mwaka 2004. Msanii alianza kwa kuunda umbo la wingu kwa maboksi, kama mtoto apangavyo viberiti vitupu. Kisha programu ikayajaza maboksi hayo vipande vya picha: vitano kwa wingu dogo, hadi 400 kwa kubwa. Kila kipande kilimgeukia mtazamaji muda wote ili asigundue kuwa hakina unene. Wingu lilipotakiwa kuzaliwa, vipande vya katikati vilijitokeza kwanza na vya pembeni vikafuata. Lilipotakiwa kufa, pembeni kulitangulia kufifia. Mawingu ya mbali hayakuchorwa upya kila mara. Yalibandikwa kwenye mapazia manane yaliyoizunguka ndege, na kompyuta ikayatengeneza upya kwa zamu.

Mwanga haukukokotolewa kwa fizikia hata kidogo. Wasanii waliamua wenyewe: kitako cha wingu rangi hii, kilele rangi ile, upande wa jua rangi nyingine, kwa saa mbalimbali za siku. Ni kiini macho, lakini cha fundi aliyebobea. Machweo ya simuleta hiyo yalipendeza kwa sababu mtu mwenye jicho zuri aliyachagua.

Kasoro ilimngoja rubani wa mezani pale alipoingia ndani ya wingu. Vipande vilivyokuwa vikimgeukia kwa adabu vilianza kuzunguka mbele ya pua ya ndege kila alipolaza bawa. Na anga likifunga kabisa, vipande vikirundikana mbele na nyuma, kompyuta ilihema kama lori linalopanda mlima.

Hapo ndipo biashara ya viongezo, yaani programu za ziada za kuiboresha simuleta, ilipostawi, na kwa muda mrefu ilikuwa na koo mbili. Ukoo wa kwanza uliuza sura: REX, kwa mfano, ilijulikana kwa kumpa mtumiaji picha bora za mawingu badala ya zile zilizokuja na simuleta. Ukoo wa pili uliuza habari. Active Sky ya kampuni ya HiFi haikushughulika sana na uzuri wa pamba. Kazi yake ilikuwa kuijulisha simuleta hali ya hewa iliyopo duniani dakika hiyo. Ukoo huu wa pili ndio uliobeba mzigo mzito zaidi, ingawa wa kwanza ndio uliopigwa picha.

Habari hizo zilitoka kwenye METAR, taarifa fupi ambazo viwanja vya ndege hutoa kila saa au kila nusu saa. Mwangalizi huligawa anga kwa thumuni nane. Thumuni moja au mbili zenye mawingu huandikwa FEW, tatu hadi nne SCT, tano hadi saba BKN, na anga lililofunikwa lote OVC. Hufuata urefu wa kitako kutoka ardhini, na herufi CB kama kuna wingu la radi. Mengine kuhusu wingu hayamo. METAR haisemi wingu lina umbo gani, kilele chake kimefika wapi, wala kama lipo kaskazini au kusini mwa shamba la jirani. Kiongezo hupokea mstari mmoja wa herufi kikatakiwa kujenga kutokana nao anga zima.

Kati ya kiwanja na kiwanja, lazima kikisie. Ulaya na Marekani, ambako vituo vimesongamana, makisio hayaumbuki upesi. Lakini chukua safari ya Entebbe hadi Mwanza, takriban kilomita 280, karibu yote juu ya maji na visiwa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, upepo huvuma kuelekea ukingoni na mawingu hujijenga juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, pepo za kila upande hukutana juu ya maji yenye vuguvugu, na ngurumo hutawala ziwani hadi alfajiri. Saa hiyo Entebbe na Mwanza zinaweza kutangaza mawingu machache tu. Kiongezo kinachochanganya mistari miwili kikatoa wastani kitamwonyesha rubani nyota mahali ambapo mvuvi anakunja tanga kwa hofu.

Upande wa sura, mageuzi yalitoka kwenye mchezo usio na ndege za abiria. Mwaka 2015 Andrew Schneider wa studio ya Guerrilla, Uholanzi, alieleza jinsi walivyotengeneza mawingu ya Horizon Zero Dawn. Picha bapa ziliachwa. Kwa kila pikseli, kompyuta hurusha mshale wa kufikirika kuelekea angani na kuusogeza hatua kwa hatua, ikiuliza kila hatua: hapa kuna ukungu kiasi gani? Jibu linatoka kwenye fomula mbili za vurugu zilizopangwa. Moja ni ya Ken Perlin, aliyeibuni baada ya kufanya kazi kwenye filamu ya Tron ya mwaka 1982. Nyingine ni ya Steven Worley ya mwaka 1996, ambayo ikipinduliwa hutoa vimbevimbe kama vya koliflawa. Kisha mshale mwingine huelekezwa kwenye jua kupima mwanga uliopotea njiani, kama taa ya gari inavyomezwa na ukungu wa Lushoto. Kazi hiyo ni nzito mno kufanywa yote kwa mpigo, kwa hiyo kila fremu ilikokotoa pikseli moja tu kati ya 16 na kuazima zilizobaki kutoka fremu zilizotangulia.

Ila mchezaji wa Horizon Zero Dawn hutembea ardhini. Rubani anaingia ndani ya wingu, tena kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa, na hapo ujanja wa kuazima fremu huacha chengachenga na vivuli vinavyochelewa.

Microsoft Flight Simulator ilitoka tarehe 18 Agosti 2020, ikiwa imetengenezwa na studio ya Asobo ya Bordeaux kwa takwimu za kampuni ya hali ya hewa ya Meteoblue ya Basel, ambayo huigawa angahewa ya dunia katika maboksi takriban milioni 250. Siku tisa baadaye kimbunga Laura kilitua Louisiana kikiwa na upepo wa kilomita 240 kwa saa, na marubani wa mezani walikuwa wamekwisha kukifuata baharini na kupiga picha za jicho lake. Swali la kutafuta vituo likawa limeisha: hata katikati ya ziwa kuna namba.

Likazuka lingine. Modeli nyingi za dunia nzima zina maboksi yenye upande wa kilomita kadhaa. GFS ya Marekani, inayotumiwa na simuleta ya X-Plane 12, ni takriban kilomita 13. Mnara mmoja wa radi unaweza kuenea ndani ya boksi moja na nafasi ikabaki. Kwa hiyo modeli haiuoni mnara. Inasema tu kuwa hewa ya hapa imechafuka. Umbo, kilele na mahali pake hubuniwa na fomula zilezile za koliflawa. Zaidi ya hapo, utabiri unaweza kuchelewa au kuwahi, ndiyo maana watumiaji walilalamika kutua kwenye jua wakati kiwanja halisi kimetangaza mvua, na METAR ikalazimika kurudishwa kuisahihisha modeli karibu na viwanja.

Kwa hiyo uzuri si kipimo tena. Kadi yoyote ya grafiki ya leo inaweza kutoa wingu la kupendeza. Kipimo ni makubaliano. Active Sky ya miaka ya 2010, pamoja na pamba zake bapa, ilijua kila wingu limewekwa wapi, hivyo rada ya ndege za simuleta zilizotengenezwa na PMDG iliweza kulichora na bawa likatikisika palepale. Simuleta ambayo dirisha lake linaonyesha radi, rada iko kimya na chai haimwagiki imeshindwa, hata kama picha yake inafaa kutundikwa ukutani.

Anayetaka kukijaribu kiongezo chake asipoteze muda na machweo. Aondoke Entebbe saa tisa usiku, wakati wa masika, hali ya hewa ya moja kwa moja ikiwa imewashwa, aelekee kusini juu ya maji na aitazame rada.