Hongereni, Walimu wa Kwaya wa Kasongo na Kabambare

Kiangazi kikifika, shule za Maniema, mashariki mwa Kongo, hufungwa, na watoto wengi wa Kasongo na Kabambare hupata nafasi ya kujifunza kuimba. Anayewapokea ni mwalimu wa kwaya ya kanisa, na leo tunampa pongezi zake.

Mtazame akiwa kazini. Anawagawa waimbaji: soprano, alto, teno, besi. Kila kundi linafundishwa peke yake, do-re-mi kwanza, maneno baadaye. Sauti ikipotea, anaiimba mwenyewe, nao wanamfuata mpaka ikae sawa. Ndipo sauti zote nne zinaunganishwa, na ngoma inaingia.

Ngoma hiyo ilipiganiwa hadi ikaingia kanisani. Missa Luba ya Padri Guido Haazen, misa ya Kilatini inayoimbwa kwa mitindo ya Kongo pamoja na ngoma, ilizaliwa Kamina mwaka 1958. Mwaka 1988 Roma ikaidhinisha Misale ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na kucheza kuzunguka altare kukawa sehemu ya ibada. Bila walimu hawa, ruhusa hiyo ingebaki kwenye karatasi.

Vita vimewatawanya watu wa Kabambare mara nyingi. Kila wanaporudi, kwaya huanza tena, kwa sababu mwalimu amezihifadhi nyimbo kichwani. Wazazi, wapelekeni watoto.